Pembe Mbili za Mbuzi wa Rinad

Jumamosi, 5 Oktoba

Samahani, daftari. Nilikufunga jioni ya arobaini ya marehemu mume wangu, nikakuweka kabatini chini ya vitambaa vya meza, na misimu miwili ya zeituni ikapita juu yako. Maisha yangu yote ya kazi niliwafundisha wasichana wa Kufr Lawz kwamba kiima kisichopewa kiarifu ni mgeni aliyebisha mlango, akakaribishwa, kisha akaachwa amesimama kizingitini. Nami nimekufanyia hayo hayo. Sina udhuru ila huu: sikuwa na jambo lililostahili wino.

Sasa ninalo. Mwanangu Mutasim amerudi kuishi nami baada ya miaka ya kupanga mjini Irbid, na mkewe Rinad amegeuza chumba changu cha vitunguu kuwa karakana ya redio.

Jumapili, 6 Oktoba

Vitunguu vimehamia chini ya kitanda changu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nitaeleza tabia ya Rinad kwa haki, bila chumvi. Ni mhandisi wa vipokezi, yaani kile kiungo ndani ya simu ya mkononi kinachodaka mawimbi kutoka hewani. Ni mchapakazi. Hasengenyi. Lakini akianza sentensi kwa Kiarabu humaliza kwa Kiingereza, na katikati hupita mahali ambapo hakuna lugha yoyote.

Leo alinitumia ujumbe akiwa dukani. Huandika Kiarabu chetu kwa herufi za Kizungu, na herufi isiyopatikana kwa Wazungu huiwekea tarakimu: *ain* ameifanya tatu, *ha* nzito ameifanya saba. Nilidhani nimetumiwa namba ya akaunti ya benki.

"Mutasim," nikasema, "mkeo ananidai?"

Akasoma, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, anauliza kama unataka mkate wa moto."

Nilimjibu kwa Kiarabu fasaha, nikaweka irabu zote hadi ya mwisho. Akanirudishia picha ya uso unaolia kwa kicheko. Uso huo sikuujibu.

Ananiita Ustadha, kama kijiji kizima kinavyoniita.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua bado. Zeituni zimejikunja mitini kama vidole vya mfuaji. Hakuna achumaye kabla ya mvua ya kwanza kuziosha vumbi na kuzinonesha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Umm Ghalib amekuja kunywa chai. Huyu ni jirani yangu tangu tukiwa na meno ya utoto. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, na tangu siku aliyoacha shule hajaacha kunitania kwa kubaki. Alimkuta Rinad mezani na kidude chake: kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kimechomekwa simu ubavuni, na juu yake antena mbili zimesimama moja huku na moja kule.

"Ee, mwenzangu," akasema, "mkazamwanao anafuga mbuzi mezani! Tazama pembe zake."

"Ni kipokezi, Mama Ghalib," Rinad akamwambia.

"Kinakamuliwa?"

"Kikikubali, kitatuletea mtandao bondeni."

Hapo sote wawili tukaacha vikombe. Mizeituni yetu yote iko chini ya bonde, na kule simu ni jiwe. Mwaka ule mumewe, Abu Ghalib, alipoteguka mguu, watu walipanda kilima kwa miguu ndipo wakampigia daktari. Nikamwomba Rinad aeleze, kwa lugha moja.

Akajitahidi. Mnara uko upande wa pili wa kilima. Wimbi lake likishuka bondeni hugonga kuta za mawe, likagawanyika, likafika kwa njia nyingi. Na mara nyingine mawimbi mawili hukutana moja likipanda na jingine likishuka, yakauana. Hapo simu hukaa kimya ilhali hewa imejaa maneno.

"Sasa mimi nimeweka antena mbili," akasema, "kwa sababu yale yanayouana hapa, shubiri moja pembeni hayauani. Na nyuma ya antena nimeweka saketi ndogo inayochelewesha wimbi la moja mpaka liende hatua sawa na la mwenzake. Haichagui kati yao, Ustadha. Inayapatanisha."

"Kama mshenga," Umm Ghalib akasema.

"Kama mshenga hasa."

"Basi mpeleke kwa mwanangu Ghalib na mkewe. Wale hata waya hautawafaa."

Nimeandika maelezo hayo jinsi yalivyosemwa kwa sababu, kwa mara ya kwanza, Rinad alimaliza sentensi nane mfululizo katika lugha aliyoanzia. Nilizihesabu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua bado. Tone la lehemu limedondokea kitambaa changu cha meza, kile cha taraza nyekundu. Rinad ameomba radhi. Nimesema si kitu. Nimesema uwongo.

Jumapili, 20 Oktoba

Habari mbaya imefika. Miezi mingi iliyopita Rinad alipeleka kipokezi chake kwenye ofisi ya hataza, ili kiandikwe kwa jina lake kama uvumbuzi wake. Leo mkaguzi amejibu kwamba anakataa. Amesema kitu cha namna hiyo kilikwisha kuvumbuliwa na wengine zamani, na kwamba asipopata jibu la kuridhisha kabla ofisi haijafungwa Alhamisi ya tarehe 14 Novemba, ombi litaanguka.

"Si ataomba tena?" nikamuuliza Mutasim.

"Hawezi, Mama. Alishakionyesha kwenye maonyesho kule chuoni, baada ya kuomba. Kitu kikishaonwa na watu si kipya tena. Ombi hili likianguka, mtu yeyote atakitengeneza, na jina la Rinad halitakuwa popote."

Nilipanda karakanani. Rinad alikuwa amekaa kitako, mbele yake barua na sahani ya dengu ambayo hakuigusa.

"Niletee maandishi ya ombi lako niyaone," nikamwambia.

Akayafunika kwa kiganja. "Hapana, Ustadha. Wallahi, hapana. Utayapitia na kalamu nyekundu mpaka yatoke damu, na mimi siku hizi sina damu ya kutosha."

"Nani aliyekuandikia?"

"Niliandika mwenyewe kwa Kiingereza. Wakala akatafsiri kwa Kiarabu. Tamadur, wa Irbid."

Tamadur! Nilimfundisha tangu darasa la sita hadi alipomaliza. Hakuna msichana aliyewahi kupata alama kama zake katika sarufi. Nikashuka ngazi nimeridhika: kama ni Tamadur, basi lugha haina dosari, na lililobaki ni la uhandisi, ambalo halinihusu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua bado. Rinad hajala. Nimeweka kitambaa cha taraza ndani ya siki, doa limekataa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua! Ilianza baada ya sala ya Ijumaa, matone makubwa kama njegere, na harufu ya udongo ikapanda mpaka vyumbani. Watu wote wametoka juu ya mapaa kana kwamba kuna arusi. Umm Ghalib alikuwa juu ya paa lake na sufuria kichwani, akinipigia kelele: "Ustadha, mvua hii ni kiima au kiarifu?"

"Ni kitendo!" nikamjibu. "Kitendo kilichotimia!"

Nikamkuta Rinad juu ya paa letu. Hakuwa akicheza mvua; alikuwa amejikunja juu ya kisanduku chake kama kuku juu ya mayai, mwavuli amekifunika chenyewe, yeye mwenyewe amelowa chepechepe.

"Utapata homa kwa ajili ya chuma!"

"Dakika moja, Ustadha! Hewa ya mvua si kama hewa kavu, nataka kupima!"

Nilimshikia mwavuli. Nikaona mikono yake kwa karibu: vidole vyote vina alama za kuungua, ndogo, za duara, kama nukta za mwanafunzi asiyejua pa kumalizia sentensi. Nilipomkausha kichwa kwa taulo hakukataa.

Jumapili, 27 Oktoba

Tumeanza kuchuma. Mgongo wangu umeniomba talaka.

Jumamosi, 2 Novemba

Rinad huchuma vibaya kupita kiasi. Huvuta tawi zima. Umm Ghalib kamwambia, "Binti, unachuma zeituni au unaunyoa mti?" Yeye kajibu, "Nanyoa, Mama Ghalib, kesho nautahiri." Vicheko bonde zima. Niligeuka nyuma ya mti ili nisionekane nikicheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo wamemjaribu mbuzi bondeni. Mutasim alitembea na kisanduku kutoka mti hadi mti huku Rinad akimfuata na bisibisi. Kimya. Mvumo tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya gudulia.

"Mbuzi hajalia?" Umm Ghalib alikuwa akiuliza kila walipopita.

"Bado."

"Mpeni chumvi alambe."

Nilidhani Rinad angelia. Badala yake, alasiri, aliketi juu ya gunia, akafungua kisanduku, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake kwa sauti.

"Nimeliona! Ustadha, nimeliona kosa! Naichelewesha antena ile ile siku zote, hata wakati ambapo mwenzake ndiye aliyetangulia! Namwambia aliye nyuma asubiri!"

Nakijua kicheko hicho. Ndicho nilichokuwa nikicheka mimi, usiku, juu ya rundo la madaftari, nilipogundua kwamba darasa zima limekosea mahali pamoja na kwamba kosa lina sababu. Marehemu alikuwa akiamka na kuniuliza kama nimeingiwa na pepo. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine duniani anayefurahia kosa kwa namna hiyo, tena chini ya paa langu, juu ya vitunguu vyangu.

Jumatano, 13 Novemba

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Tamadur ameandaa jibu refu la kueleza kwamba kipokezi cha Rinad ni bora kuliko kile cha zamani, na adhuhuri atalipeleka ofisini. Rinad amepewa nakala. Ameikunja, akaitia kwenye mfuko wa mkate.

"Halitasaidia," aliniambia. "Mkaguzi hakusema changu ni kibaya. Kasema si kipya."

Redio imetangaza mvua kubwa kesho jioni. Ni lazima tumalize mti wa mwisho.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimechoka na nimefurahi, kwa hiyo mwandiko huu si wa kuigwa.

Asubuhi tulichuma kwa haraka, mawingu yakipanda nyuma ya kilima. Kabla ya adhuhuri Mutasim alipakia magunia kwenye trekta akaenda kinuni, tukabaki wanawake watatu: mimi, Rinad na Umm Ghalib. Tulikoka moto wa vijiti, tukachemsha chai ya mrehani wa mlimani, tukatandaza mkate, jibini ya mtindi na nyanya. Rinad alipochomoa mkate, karatasi ikaanguka.

"Soma na sisi tusikie," Umm Ghalib akasema. "Nyimbo zimetuishia."

"Ni maneno ya kisheria, Mama Ghalib. Yanachosha."

"Mimi nimeishi na Abu Ghalib miaka hamsini. Soma."

Rinad akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya walioshindwa. Lilikuwa dai la kwanza, lile ambalo ombi zima limesimama juu yake: *Kipokezi cha simu ya mkononi, chenye antena, na saketi inayopatanisha mawimbi ya antena hizo...*

Nikaweka kikombe chini. "Rudia."

"Ustadha, nakuomba, leo uniache na irabu zangu..."

"Irabu zako ni mbaya lakini sizo. Rudia lile neno. Limeandikwa kwa wingi?"

Akaangalia. "Ndiyo. Antena. Wingi. Si ziko mbili?"

"Mbili si wingi!"

Nilisema kwa sauti iliyowarusha ndege. Umm Ghalib akashika kifua. Rinad akanitazama kana kwamba jua limenipiga kichwani.

"Sikiliza, mwanangu. Nyumba ya lugha yetu ina milango mitatu: wa mmoja, wa wawili, na wa wengi. Neno la wawili lina umbo lake, kitenzi chake na sifa yake. Wingi unaanzia tatu. Wapo wanazuoni wa kale waliosema unaanzia mbili, na sijakubaliana nao tangu nikiwa chuoni. Mtu akiandika antena kwa wingi, ameandika tatu au zaidi. Mbili hazimo!"

"Lakini kwa Kiingereza..."

"Kwa Kiingereza wawili na wengi hupita mlango mmoja, kama wa kituo cha basi! Tamadur ameuvuka bila kuangalia."

"Mwenzangu, mbili na tatu si jirani tu?" Umm Ghalib akauliza.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kama ni jirani, mbona humpi jembe siku ya pili?"

"Ni kweli," akasema Umm Ghalib. "Siku ya pili ni haramu."

Rinad hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa amesimama, karatasi imemkunjamana mkononi.

"Ustadha," akasema polepole, "kile kitu cha zamani, kile ambacho mkaguzi anasema kimenitangulia... kina antena tatu au zaidi. Zinapiga kura. Nyingi zikisema wimbi ni hili, saketi inalishika hilo."

"Kwa nini ziwe tatu?"

"Kwa sababu mbili haziwezi kupiga kura. Zitatoka sare." Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakiondoa. "Zangu hazipigi kura. Zangu zinapatana. Hiyo ndiyo tofauti yote, Ustadha, hiyo ndiyo kazi yangu yote, mbili bila kura! Na karatasi inasema tatu!"

"Basi mkaguzi si mjinga," nikasema. "Anajua Kiarabu. Amesoma alichoandikiwa."

"Mbuzi wa pembe tatu," Umm Ghalib akanong'ona. "Mmemwandikia serikali mbuzi wa pembe tatu."

Rinad alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. "Ofisi inafungwa saa nane. Nitakimbia mpaka barabarani."

Tulitazama kilima sote. Njia ilikuwa imelainika tangu mvua ya juzi, trekta halipo, na hata kijana wa miguu miepesi asingefika juu kwenye mtandao kabla Tamadur hajalipeleka jibu lake. Simu yangu, niliyoitoa kwa ujinga, ilikuwa jiwe kama kawaida.

"Samahanini," Umm Ghalib akasema, akimega mkate, "kwani huyu mbuzi mmemweka kwa ajili ya Idi?"

Rinad akakitazama kisanduku kilicholala kando ya kapu kana kwamba ni mara ya kwanza kukiona. Alikuwa amerekebisha lile kosa la aliye nyuma kusubirishwa, lakini hakuwa amekijaribu tena. Akapiga magoti kwenye majani. Akakiunganisha na simu, akabonyeza namba ya Tamadur, akazisimamisha antena mbili. Mvumo. Nyuki wale wale. Akageuza skrubu kwa ncha ya bisibisi, kwa upole, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayeandika herufi ya kwanza. Nyuki wakapungua. Akageuza tena. Nyuki wakanyamaza, na mahali pao ikaingia sauti niliyoitambua mara moja: mlio wa simu inayoita kwa mtu.

"Ofisi ya Tamadur, habari za mchana?"

Rinad akaninyooshea simu. Nikaipokea.

"Tamadur. Ni mimi, mwalimu wako, Bahija."

"Ustadha! Ustadha Bahija! Yarabi, habari ya siku nyingi..."

"Salamu baadaye. Jibu la Rinad umeshalipeleka?"

"Nalitia kwenye bahasha hivi sasa."

"Litoe. Tamadur, wingi unaanzia ngapi?"

Sauti ikawa ndogo: "Tatu, Ustadha."

"Simama unapojibu."

Nikasikia kiti kikisukumwa. "Tatu, Ustadha."

"Na kipokezi cha Rinad kina antena ngapi?"

Nikasikia karatasi zikipekuliwa. Rinad alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zinaniingia.

"Yarabi!" Tamadur akapiga kelele. "Yarabi wangu! Ustadha, Kiingereza kilisema... nikatafsiri tu... hata sikufikiri!"

"Utajilaumu jioni. Je, inaruhusiwa kurekebisha?"

"Inaruhusiwa! Mchoro wetu wa siku ya kwanza unaonyesha mbili, na maelezo pia. Si jambo jipya, ni neno tu. Narekebisha sasa hivi."

"Andika umbo la wawili. Na kitenzi kilifuate, na sifa ilifuate, na kiwakilishi kilifuate. Mahali pote."

"Mahali pote, Ustadha." Nikasikia kalamu ikikimbia. Kisha akasema, "Lakini Ustadha, unapiga kutoka wapi? Sauti yako ni safi kama uko chumba cha pili."

"Kutoka bondeni, kwenye mizeituni."

"Bondeni hakuna mtandao."

"Leo upo," nikasema. "Unaletwa na antena mbili. Waandikie na hilo."

Umm Ghalib akapiga vigelegele vilivyogonga ukuta mmoja wa bonde vikarudi kutoka ukuta wa pili, na nikaelewa hatimaye somo la mawimbi. Rinad alicheka, akalia, akacheka. Tone la kwanza la mvua likaniangukia puani. Tukakimbia kufunika magunia yaliyobaki, vikongwe wawili na mhandisi mmoja, tukiteleza na kushikana, na aliyeanguka wa kwanza nilikuwa mimi, katika tope, kwa urefu wangu wote.

"Ustadha ameangukia kiarifu!" Umm Ghalib akasema.

Kabla ya saa nane, chini ya turubai, simu ikalia. Ilikuwa Tamadur. Jibu limepokelewa na kugongwa muhuri, likiwa na pembe mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimelala hadi jua kupanda. Haijatokea tangu nilipozaliwa.

Jumanne, 19 Novemba

Mafuta mapya yamefika kutoka kinuni, ya kijani, yanawasha kooni kama inavyopasa. Nimepika kuku kwa vitunguu na sumaki, ule unga mwekundu mchachu, juu ya mkate wa kuokwa juu ya mawe, nikayamimina bila kupima. Vitunguu vyote vilivyokuwa chini ya kitanda changu vimekwisha. Tamadur alikuja kutoka Irbid na boksi la keki, akakaa wima kama mtahiniwa mpaka nilipomruhusu aegemee. Umm Ghalib alimuuliza kama anataka kura ya kuku au mapatano ya kuku.

Baada ya chakula Rinad alishuka na faili lake lote, akaliweka mbele yangu, na juu yake akaweka kalamu nyekundu mpya.

"Chora mpaka yatoke damu," akasema. "Sasa ninayo."

Tulifanya kazi hadi taa za jirani zikazimwa. Lile doa la lehemu lilikuwa katikati yetu, juu ya kitambaa. Nimeacha kulisugua. Linang'aa vizuri taa ikiwashwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Ujumbe wa Rinad kutoka dukani ulikuwa katika herufi zetu zote isipokuwa tarakimu moja. Aliuliza kuhusu mkate. Aliniita Mama. Sikusahihisha lolote.

Alhamisi, 28 Novemba

Mkaguzi ameandika! Ni barua fupi. Anasema ameyasoma marekebisho, kwamba kile cha zamani hakihusiki tena, na kwamba ombi linarudi kwenye uchunguzi. Uamuzi utatolewa baada ya baridi. Chini yake ameongeza kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayeuliza jirani yake, kwamba kijiji cha mamaye kiko chini ya bonde, na angependa kujua kama antena mbili zinatosha kweli.

Mutasim alisoma kwa sauti mara mbili. Rinad alimkumbatia, akanikumbatia, akaikumbatia barua. Kisha wakaniona nimeinamia karatasi.

"Mama," akasema Rinad, "kuna nini?"

"Mstari wa tatu," nikasema. "Ameandika antena kwa umbo la wawili, vizuri kabisa. Kisha akazipa kitenzi cha wingi."

Nilikuwa tayari na kalamu nyekundu mkononi. Sijui ilifikaje.

"Mama, nakuomba." Alikuwa akicheka, lakini alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. "Mpaka aamue. Mpaka aamue tu."

Nimeifunika kalamu. Nimeiweka ndani yako, daftari, kama alama ya ukurasa, mahali nitakapoipata upesi. Baridi si ndefu. Siku uamuzi utakapotoka nitaandika: kwako kwanza, kuhusu uamuzi, kisha kwa mkaguzi, kuhusu mstari wa tatu.